Kichwa ya maji kwa watoto wachanga: mambo yenye utafiti wa Mbale ulionyesha

Ugonjwa wenye watu wengi mashariki ya Kongo wanaita «kichwa ya maji», wanganga wanauita hidrosefali. Mutoto anazaliwa, ananyonya, analia kama wengine. Kisha wiki chache, kichwa kinaanza kukua mbio kuliko mwili. Ngozi ya kichwa inavutika na kungaa, mishipa inaonekana, utosi unavimba na kukazana, macho yanabaki yanaangalia chini kama jua lenye kuzama. Kuko fasi mama anaambiwa ni ulozi, ao ni kosa la ukoo wa baba, na miezi inapita katika maombi na dawa za majani. Miezi ile njo yenye ubongo wa mutoto haiwezi kungoja.

Sehemu kubwa ya mambo yenye dunia inajua leo juu ya kutunza ugonjwa huu kwa watoto wa Afrika ilitoka karibu na hapa: Mbale, mashariki ya Uganda, chini ya mulima Elgon. Kule mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulifunguliwa hospitali ya watoto ya CURE, na Benjamin Warf, munganga wa kupasua ubongo kutoka Marekani, alifanya kazi pale na wanganga wa Uganda. Walipasua watoto, lakini pia waliandika kila mutoto, wakamufuata, wakalinganisha. Ile kuandika na kulinganisha njo inaitwa utafiti wa kitabibu.

Maji yanatoka wapi?

Katikati ya ubongo wa kila mutu kuko vyumba vine vidogo. Ndani yao kuko nyama laini yenye inatengeneza maji safi usiku na muchana. Kwa mutu mukubwa yanafika karibu nusu litre kwa siku moja. Maji hayo yanapita katika vyumba, yanazunguka ubongo na uti wa mugongo, kisha yanarudi ndani ya damu. Ni kazi ya kila siku, hakuna mwenye anaisikia.

Kama njia inazibika, kiwanda hakisimami. Maji yanaendelea kutengenezwa, vyumba vinapanuka, na ubongo unasukumwa kwenye mufupa wa kichwa mupaka unakuwa mwembamba. Kwa mutoto muchanga mifupa ya kichwa haijaungana, kwa hiyo kichwa chenyewe kinapanuka. Kwa mutoto mukubwa mifupa imefungana: kichwa hakikue, ila maumivu, kutapika na usingizi mubaya vinakuja haraka. Bila kutunzwa, wengi wanakufa. Wenye wanabaki wanaweza kupoteza macho, kutembea, na akili ya kujifunza.

Kuko watoto wenye wanazaliwa tayari na njia yenye kufungwa. Wengine wanapata ugonjwa huu pamoja na spina bifida, ni kusema mugongo wenye haukufunga tumboni mwa mama. Katika inchi tajiri, wengi ni watoto wenye walizaliwa mbele ya wakati na damu ikamwangika ndani ya ubongo. Lakini wakati Warf alihesabu watoto 300 wa kwanza wenye walitunzwa Mbale, aliona jambo lingine: karibu 60 kwa 100 walipata maji ya kichwa kisha maambukizo, na wengi wao waliambukizwa katika mwezi wa kwanza wa maisha. Homa, mushituko, mutoto anaacha kunyonya. Anapewa dawa, anapona kidogo. Kisha kichwa kinaanza kukua. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005.

Hapo swali lilibadilika. Ugonjwa wenye vitabu vya Ulaya vilieleza kama bahati mbaya ya kuzaliwa, huku kwetu sehemu kubwa ilikuwa kitu chenye kingeweza kuzuiwa.

Valvu ya bei kali na valvu ya bei ndogo

Dawa ya kunywa yenye inaponyesha kichwa ya maji haiko. Njia ya kawaida ni kuweka mupira mwembamba chini ya ngozi: unaanza ndani ya chumba cha ubongo, unapita nyuma ya sikio na shingoni, unaingia tumboni, na tumbo linanyonya maji. Katikati kuko kifaa kidogo chenye kinafungua na kufunga, njo maana wazazi wengi wanasema tu «walimuweka valvu».

Swali la kwanza la Mbale lilikuwa la mufuko. Valvu ya kampuni kubwa ilikuwa inauzwa karibu dola 650. Ingine, ya Chhabra, yenye inatengenezwa India, ilikuwa karibu dola 35. Je, ile ya dola 35 ni ya kudanganya maskini? Walifuata watoto 195, wengine na valvu moja, wengine na ingine. Kisha mwaka moja, hawakuona tofauti yenye kueleweka: kuzibika, maambukizo, vifo, vyote vilikuwa karibu sawa. Utafiti kama huo hauna shangwe, hautangazwe sana. Lakini kwa hospitali yenye kuhesabu kila dola, ulikuwa na faida kuliko mashine mupya.

Valvu ina shida yake, hata ile ya bei kali. Inaweza kuzibika wakati wowote, mwezi wa pili ao mwaka wa kumi. Inaweza kuambukizwa. Mutoto anakua, mupira unabaki mufupi. Kwa mutoto wa Toronto ao Bruxelles, mama anaita ambulansi. Kwa mutoto wa Walikale, Shabunda ao Djugu, mambo ni mengine: barabara imekatika, pikipiki inaomba pesa, kuko bariere, pengine kuko masasi. Valvu yenye kuzibika inaweza kuua kwa siku moja ao mbili, hata kwa saa chache. Kwa hiyo wanganga wa Mbale walijiuliza: hakuna namna mutoto arudi kwao bila kitu chenye kinaweza kuharibika ndani ya mwili?

Njia ya kamera

Njia ilikuwako tayari kwa wagonjwa wakubwa. Munganga anaingiza kamera nyembamba kupitia utosi, anafika chumba cha tatu cha ubongo, na chini yake anatoboa tundu dogo. Maji yanapata njia ingine ya kutoka. Hakuna mupira wenye unabaki. Shida: kwa watoto wa chini ya mwaka moja, tundu peke yake lilishindwa mara nyingi.

Warf aliongeza hatua moja. Kwa kamera hiyo hiyo, kisha kutoboa tundu, aliunguza ile nyama laini yenye inatengeneza maji. Ni kama kufungua mufereji na kupunguza kisima kwa wakati moja. Katika watoto 550 wenye walifuatwa, kwa wale wa chini ya mwaka moja, tundu peke yake lilifaulu kwa 47 kwa 100. Tundu pamoja na kuunguza, 66 kwa 100. Kufaulu hapa maana yake ni kwamba mutoto hakuhitaji operesheni ingine ya kuondoa maji.

Habari ilisafiri. Wanganga wa Amerika ya Kaskazini, wenye mara nyingi wanafundisha wengine, walianza kujifunza njia yenye ilikomaa Mbale. Lakini wengine walikuwa na mashaka, na mashaka yao yalikuwa ya haki. Kisha njia ya kamera, vyumba vya ubongo vinabaki vikubwa kuliko kisha valvu. Mutoto haombi operesheni tena, ndiyo. Lakini je, ubongo wake unakua? Akili yake inakuja? Kuhesabu operesheni ni rahisi. Kupima akili ya mutoto wa mwaka moja inaomba kazi ingine kabisa.

Kura

Ili kujibu, ilipasa kufanya majaribio ya kura. Watu wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina wanajua neno hilo tangu Ebola: kuanzia Novemba 2018 mupaka Agosti 2019, wagonjwa 681 waliingia katika majaribio ya dawa ine, na kura njo iliamua nani anapata gani. Wengi walinungunika: namna gani maisha ya mutu yachezwe kama bahati nasibu? Sababu ni hii. Kama munganga anachagua mwenyewe, atawapa wenye nguvu dawa moja na wenye kuzidiwa ingine, hata bila kujua, na mwishoni hakuna mwenye atajua kama ni dawa ao ni hali ya mugonjwa. Kura inafanya vikundi viwili vifanane. Na inaruhusiwa tu kama wanganga kweli hawajui njia gani ni bora. Kama wanajua, kura ni kosa.

Mbale, hawakujua. Waliingiza watoto 100 wa chini ya siku 180, wote wenye maji ya kichwa kisha maambukizo. Kwa kura, 51 walipangwa njia ya kamera, 49 valvu. Kazi iliongozwa na Abhaya Kulkarni wa Toronto, pamoja na Warf, Steven Schiff, na Waganda kama John Mugamba, munganga wa ubongo wa pale Mbale. Kisha mwaka moja walipima akili ya kila mutoto kwa michezo na vitendo: kufuata kitu kwa macho, kutafuta chenye kufichwa, kushika. Matokeo yalitoka mwezi wa Desemba 2017 katika gazeti la kitabibu la New England.

Hakukuwa tofauti yenye kueleweka. Kwa kipimo chenye mutoto wa kawaida anapata karibu 10, mutoto wa katikati katika kikundi cha kamera alipata 4, na katika kikundi cha valvu 2. Hesabu ilionyesha kwamba tofauti hiyo inaweza kuwa ya bahati tu. Operesheni ilishindwa kwa 35 kwa 100 upande wa kamera na 24 kwa 100 upande wa valvu. Hapo pia, inaweza kuwa bahati. Ukubwa wa ubongo ulikuwa karibu sawa.

Kuko namna mbili mbaya za kusoma matokeo haya. Ya kwanza ni kusema «hakuna tofauti, basi kazi ya bure». Hapana. Mutoto wa mbali na barabara anaweza kurudi kijijini bila mupira kichwani, na hakuna alama kwamba akili yake iliumizwa kwa kufanya hivyo katika mwaka wa kwanza. Kwa familia ya Masisi hilo ni jambo kubwa. Namna mbaya ya pili ni kusema «wamehakikisha njia mbili ni sawa kwa wote». Watoto 100 ni wachache. Tofauti ndogo inaweza kujificha. Wote walikuwa na ugonjwa kisha maambukizo, si wale wa spina bifida. Na wanganga wa Mbale walikuwa wamefanya operesheni ya kamera mara nyingi sana. Mikono yenye imefanya mara tatu si mikono ile.

Lakini tazama tena 4 na 2, wakati kawaida ni 10. Hii njo habari nzito ya utafiti, hata kama haikuwa swali lake. Operesheni iliokoa maisha, na watoto wengi walibaki na ulemavu mukubwa katika kila kikundi. Wakati walifuata watoto mupaka miaka miwili, katika ripoti yenye ilitoka mwaka 2021, waliona ubongo wa wengi uliacha kukua vizuri, kamera ao valvu. Maambukizo yalikuwa yamekwisha kuharibu mbele ya kisu kufika.

Mududu na mvua

Kwa hiyo kikundi cha Schiff kilirudi nyuma: ni maambukizo gani? Mwaka 2012 walichapa kazi yenye ililinganisha tarehe za ugonjwa wa watoto wa Mbale na mvua zenye satelaiti zinapima. Visa viliongezeka wakati mvua iko ya katikati, si wakati wa ukame wala wakati mvua ni nyingi sana. Kitu fulani katika mazingira kilikuwa kinaingia ndani ya watoto.

Kukilotesha katika laboratware kwa namna ya kawaida mara nyingi hakukuleta kitu. Walitumia mashine zenye kusoma alama za uzazi wa vidudu vyote ndani ya maji ya kichwa, kwa watoto 100: 64 wenye waliugua kisha maambukizo, na 36 wenye sababu ingine. Katika kikundi cha kwanza, alama ya bakteria yenye jina Paenibacillus ilitokea kwa nguvu. Mbele ya hapo, wachache walifikiri kwamba inaumiza watoto. Hayo yalitangazwa mwaka 2020. Kupata bakteria ndani ya kichwa ni hatua moja. Kuonyesha inatoka wapi, na dawa gani inaiua mapema, ni hatua zingine.

Kwa mama wa hapa, jambo la kushika halingoje laboratware: mutoto wa chini ya mwezi moja mwenye homa, ao mwenye mwili baridi, ao mwenye anaacha kunyonya, ni wa kupelekwa kituo cha afya siku ile ile. Wembe safi kwa kitovu, mikono yenye kunawa, hakuna kuweka udongo, mavi ya ngombe ao mafuta ku kitovu. Na kwa spina bifida, asidi foliki mbele ya mimba na mwanzoni mwake inapunguza hatari. Kungoja mupaka CPN ya mwezi wa tano ni kuchelewa, sababu mugongo wa mutoto unajifunga katika mwezi wa kwanza.

Watoto wetu ni wachache katika vitabu

Kichwa si fasi peke yake. Mwaka 2021, gazeti la Lancet lilitoa hesabu ya watoto wenye walizaliwa na kasoro za koo, tumbo na haja kubwa: watoto 3849 katika hospitali 264 za inchi 74. Katika inchi tajiri, karibu 6 kwa 100 walikufa. Katika inchi za katikati, 20 kwa 100. Katika inchi maskini, karibu 40 kwa 100. Kwa ugonjwa wa matumbo kutoka inje pembeni ya kitovu, wenye katika inchi tajiri unaua 1 ao 2 kwa 100, katika inchi maskini walikufa 9 kwa 10.

Wale 10 walikuwa 10 kweli, si asilimia. Katika hospitali 264, tisa tu zilikuwa za inchi maskini, na watoto wao wote pamoja walikuwa 93. Inchi zenye kuzika watoto wengi njo zenye kuonekana kidogo katika hesabu. Ni vigumu kuandika mutoto mwenye alikufa njiani kati ya Kalehe na Bukavu. Hakuna mwenye alimupokea.

Mambo yenye yalionekana kusaidia katika hesabu hiyo hayakuwa ya ajabu: kufika mbele ya maambukizo kuenea ndani ya damu, chakula cha kupitia mushipa, mashine ya kupumulisha pale inahitajika, na karatasi ya kuhakikisha kila kitu mbele ya kupasua. Mulago, Kampala, ambako karibu watoto wote wa matumbo ya inje walikuwa wanakufa, timu ilianza kufunika matumbo kwa mufuko safi na kuyarudisha polepole, na kufundisha hospitali za mbali namna ya kumutuma mutoto. Vifo vilipungua, hata kama vilibaki vingi.

Kama wanakuomba kusaini

Muzazi mwenye anapeleka mutoto ku hospitali kubwa, Kongo, Uganda ao Rwanda, anaweza siku moja kuombwa mutoto aingie katika utafiti. Kusaini ni ruhusa, si deni. Akikataa, mutoto anapaswa kutunzwa kama wengine, na akikubali anaweza kutoka siku yoyote bila kueleza sababu. Karatasi inapaswa kuelezwa katika lugha yenye anasikia. Kama hajui kusoma, shahidi mwenye si wa timu anakuwa pale wakati anaweka kidole. Utafiti wa kweli unapita mbele ya kamati ya maadili. Kongo kuko kamati ya taifa ya maadili ya afya, na muzazi ana haki ya kuuliza ni kamati gani iliruhusu.

Swali lenye wazazi wanasahau, na lenye ni la lazima kuliko yote, ni la kesho: valvu ikizibika kisha utafiti kumalizika, nani analipa operesheni ya pili? Nani analipa njia? Jibu liandikwe, lisibaki ku mudomo.

Utepe wa fundi

Kupima kichwa hakuombe mashine. Utepe laini wa fundi wa nguo unatosha: unapita juu ya nyusi, juu ya masikio, na nyuma fasi yenye kichwa kinatokea zaidi. Mutoto wa kuzaliwa kwa wakati ana kati ya sentimetre 33 na 37 hivi. Miezi mitatu ya kwanza kichwa kinaongezeka karibu sentimetre 2 kwa mwezi, mitatu yenye kufuata, karibu 1, kisha nusu. Namba moja peke yake haisemi sana. Namba ya mwezi huu pembeni ya namba ya mwezi uliopita, juu ya karatasi ya mutoto, njo inasema. Kwa mutoto mwenye aliugua sana katika mwezi wa kwanza, kupima kila wiki mbili mupaka miezi sita si kuzidisha.

Kwa mutoto mwenye alikwisha kupasuliwa, kamera ao valvu, alama za hatari ni hizi hizi: kutapika bila kuharisha, utosi kuvimba tena, kulia kwa sauti ya juu, usingizi wenye haumwachi, macho kushuka. Kama kuko valvu, homa na ngozi nyekundu juu ya mupira vinaongezeka ku hesabu. Hakuna kungoja asubuhi. Na karatasi ya operesheni, yenye tarehe, aina ya valvu na namba ya simu ya hospitali, isiachwe nyumbani wakati familia inakimbia vita ao inavuka mupaka. Ifungwe ndani ya plastiki pamoja na karatasi ya chanjo, sababu munganga mwenye atamupokea upande ule hatajua mambo hayo kwa kuangalia kichwa tu.